Kuipa Diatomu Mpya Jina Litakalodumu

Ziwa Chala limejificha ndani ya shimo la volkano, mashariki mwa Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita juu ya maji yake. Eneo lake ni kama kilomita nne za mraba tu, lakini kina chake kinazidi mita 90. Wachunguzi wa tabianchi wanalijua vizuri. Kusi inapovuma na kuyakoroga maji yaliyopoa, diatomu huzaliana kwa wingi, hufa, na kutandika chini tabaka jeupe. Msimu wa mvua huweka tabaka jeusi juu yake. Anayehesabu matabaka hayo husoma mvua na ukame wa kale, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 mradi wa DeepCHALLA ulitoa kwenye sakafu ya ziwa hilo mhimili wa tope wenye urefu wa zaidi ya mita 200.

Mwaka huohuo ndipo diatomu mojawapo ya ziwa hilo ilipopata jina. Watafiti wawili, Cocquyt na Ryken, waliieleza katika jarida la Ulaya la elimu ya mwani na kuiita Afrocymbella barkeri, kwa heshima ya Philip Barker, aliyeichunguza historia ya ziwa hilo kwa kutumia diatomu zake. Wala haikuwa adimu. Kichwa cha makala yao chenyewe kinasema ni mkazi wa kawaida wa maji ya Chala. Ilikuwa machoni pa watu muda wote, ikikosa mtu wa kukaa nayo, kuipima na kuithibitisha.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mwanafunzi wa chuo, mtumishi wa maabara ya maji, mwalimu wa baiolojia mwenye hadubini nzuri na subira. Diatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea gamba la silika, madini yaleyale ya kioo. Gamba hilo lina nusu mbili zinazovaana, kama kijaluba cha tambuu na kifuniko chake. Wanasayansi hukadiria kwamba takriban moja ya tano ya oksijeni inayotengenezwa na viumbe duniani hutoka kwa diatomu za baharini na za maji baridi. David Mann na Pieter Vanormelingen, katika makadirio waliyoyatoa mwaka 2013, walifikiria spishi zake zinaweza kufika 100,000, na zilizokwisha kupewa majina ni sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa hiyo anayechota maji katika mto ambao haujawahi kuchunguzwa ana nafasi halisi ya kukutana na kitu kisicho na jina. Kukiona ni rahisi. Kazi iko katika kuwaridhisha wengine.

Kabla ya kulowesha mguu, shughulikia vibali. Tanzania vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, na Kenya ni NACOSTI. Ndani ya hifadhi za taifa kuna idhini nyingine za ziada. Sampuli ikitarajiwa kuvuka mpaka, au DNA yake kusomwa nje, Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inataka makubaliano ya wazi kuhusu nani atanufaika na nini. Majarida mengi sasa huuliza karatasi hizo, na ni haki yao kuuliza.

Vifaa vya ukusanyaji ni vya bei ndogo. Mswaki mpya, sinia ya plastiki, chupa safi na kalamu isiyofutika vinatosha kuanzia. Mtoni chagua mawe matano au zaidi yaliyomo ndani ya maji yanayotembea, yenye utelezi wa kahawia. Utelezi huo kwa sehemu kubwa ni diatomu. Yasugue juu ya sinia kwa maji kidogo ya mto uleule. Kwenye matete na mimea ya majini, kata shina na ulikamue. Kwenye tope, nyonya utando wa juu tu kwa bomba dogo. Diatomu zinazoelea ziwani hukusanywa kwa wavu wa matundu ya mikromita 10 hadi 20. Badili mswaki kila unapobadili mahali, kwa sababu gamba moja lililobaki kwenye nywele zake linaweza kuzua ugunduzi wa uongo katika mto mwingine.

Andika palepale: tarehe, majira-nukta ya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, joto la maji, pH, na uwezo wa maji kupitisha umeme. Kipimo hicho cha mwisho hudharauliwa, ilhali ndicho kinachoeleza wingi wa chumvi zilizoyeyuka, na diatomu nyingi huchagua makazi kwa kufuata chumvi. Kisha gawa sampuli mafungu matatu. La kwanza libaki bichi, lipelekwe maabara likiwa baridi ili seli zionekane zikiwa hai. La pili litiwe ethanoli kali kwa ajili ya DNA. La tatu, ambalo liwe kubwa kuliko yote, lihifadhiwe kwa ethanoli ya asilimia 70 au kwa dawa ya Lugol kwa kazi ya magamba. Wengi huchukua kidogo mno. Sampuli ikiisha, spishi itabaki na ushahidi wa picha tu, na mtu wa kizazi kijacho hatakuwa na cha kuhakiki.

Gamba halionekani vizuri mpaka nyama ya seli iondoke. Njia iliyozoeleka ni haidrojeni peroksidi ya asilimia 30: tia sampuli kidogo kwenye bika, ongeza peroksidi taratibu, pasha kwa nyuzi 90 hivi kwa saa kadhaa mpaka kioevu kiwe cheupe na povu litulie. Matone ya asidi ya haidrokloriki huondoa chokaa, na katika maji ya Bonde la Ufa hatua hiyo hairukwi. Vaa glavu na miwani ya kinga, na ufanye kazi mahali penye hewa inayotoka nje. Tope lenye mabaki mengi ya mimea huweza kuchemka ghafla na kuruka. Kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa, uache magamba yatue, mwaga maji ya juu, rudia mara nyingi mpaka asidi iishe kabisa. Asiye na mashine ya kuzungusha mirija atasubiri usiku kucha kati ya suuzo moja na jingine, na matokeo yatakuwa mazuri vilevile.

Tone la magamba safi likaushwe juu ya kioo chembamba cha kufunikia, kisha kioo kibandikwe kwenye slaidi kwa utomvu maalumu uitwao Naphrax. Sababu ni ya kifizikia. Silika hupindisha mwanga karibu sawa na maji na kioo, kwa hiyo ndani ya vitu hivyo gamba hupotea machoni. Naphrax hupindisha mwanga zaidi sana, na mistari ya gamba hujitokeza. Tengeneza slaidi nyingi kwa mkupuo mmoja; sababu itaonekana mbele.

Sasa kaa kwenye hadubini, na lenzi ya 100 yenye mafuta. Pima urefu na upana wa gamba, na uhesabu mistari iliyomo ndani ya mikromita 10, katikati na kwenye ncha. Angalia ule ufa mwembamba unaopita kwenye magamba ya diatomu nyingi, ambao kwa huo seli hutambaa: umenyooka au umepinda, ncha zake zimegeukia wapi, na pengo la katikati lina umbo gani. Usipime magamba matano ukaridhika. Thelathini ni mwanzo wa heshima, na zaidi ni bora.

Idadi hiyo inahitajika kwa sababu ya jinsi diatomu zinavyozaliana. Seli inapogawanyika, kila mtoto hurithi nusu moja ya kijaluba na kuifanya kifuniko, kisha hujitengenezea chini mpya ndani yake. Aliyerithi kifuniko hubaki na ukubwa wa mama. Aliyerithi chini huwa mdogo kidogo. Kizazi baada ya kizazi wastani wa ukubwa hushuka, jambo ambalo MacDonald na Pfitzer, kila mmoja kwa njia yake, walilieleza mwaka 1869. Mwishowe seli zilizopungua sana hujamiiana, na kutokana na tendo hilo huzaliwa seli kubwa inayoanzisha mzunguko upya. Kwa hiyo spishi moja ina urefu wa viwango vingi, na baya zaidi, ina maumbo mengi: ncha zilizovimba kama vichwa kwenye seli kubwa huweza kufifia kabisa kwenye ndogo, na gamba refu jembamba likaishia kuwa duara dufu. Watu hodari wa zamani walitoa majina mawili, hata matatu, kwa hatua tofauti za maisha ya kiumbe kilekile. Picha za spishi mpya zinapaswa kupangwa kutoka gamba kubwa kabisa hadi dogo kabisa, bila kuruka, ili msomaji auone mteremko wote. Pale ambapo mteremko umekatika, rudi kwenye slaidi, au rudi mtoni msimu mwingine. Na magamba yaliyopinda ovyo, hasa chini ya migodi ambako metali nzito huingia majini, ni ulemavu. Hayo hayapewi jina.

Hadubini ya kawaida ina mpaka. Vitundu vinavyounda mistari ya gamba mara nyingi ni vidogo kuliko uwezo wa mwanga, na jenasi nyingi za leo hutofautishwa kwa mambo hayo. Hapo itahitajika hadubini ya elektroni, na ikiwa chuo chako hakina, tafuta mshirika mwenye nayo. Siku moja ya kazi iliyoandaliwa vizuri inaweza kutosha. Magamba hupakwa dhahabu au platini nyembamba mno kabla ya kuingizwa. Piga picha za nje na za ndani, za gamba zima na za karibu, na usisahau mikanda inayozunguka kiuno cha seli. Makala nyingi hurudishwa na wapitiaji kwa kukosa picha ya ndani tu.

Ndipo linakuja swali gumu kuliko yote: kweli hii haijulikani?

Jibu liko katika maandishi ya zamani, na kwa Afrika Mashariki maandishi hayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Otto Müller alichapisha mfululizo wa makala kuhusu diatomu za Nyasa na maeneo jirani, kwa sampuli zilizokusanywa na daktari Friedrich Fülleborn. Ndimo ilimotoka Melosira nyassensis, ambayo leo inaitwa Aulacoseira nyassensis. Friedrich Hustedt, mwalimu wa shule wa Bremen aliyezipa majina diatomu zaidi ya elfu, alichapisha mwaka 1949 kitabu juu ya diatomu za Hifadhi ya Albert huko Kongo, ambayo sasa ni Virunga. Françoise Gasse alitoa mwaka 1986 kitabu kikubwa cha diatomu za Afrika Mashariki, na Christine Cocquyt mwaka 1998 alieleza zile za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Anza na tovuti ya AlgaeBase ili ujue majina yaliyopo katika jenasi yako, kisha fuatilia kila jina mpaka kwenye maelezo yake ya kwanza. Mchoro wa Müller ni ushahidi bora kuliko muhtasari wa mtu mwingine uliotolewa miaka mia baadaye.

Kuna mtego mmoja wa kuogopwa. Kwa miongo mingi maabara za Afrika zimetambua diatomu kwa vitabu vya Ulaya ya kati, hasa juzuu za Krammer na Lange-Bertalot zilizotoka kati ya 1986 na 1991. Ni vitabu bora, vilivyoandikwa kwa ajili ya mito mingine. Gamba la Pangani likifanana kiasi na picha ya Rhine, likapewa jina la Rhine, na orodha ikafungwa. Namna hiyo spishi za kwetu zimezikwa chini ya majina ya wageni, na kuzifukua ni kazi inayomngoja yeyote mwenye slaidi za zamani kabatini. Kwa upande wa pili, usikimbilie kutangaza spishi mpya kwa sababu ya tofauti ndogo. Andaa jedwali: safu moja kwa spishi yako, nyingine kwa kila jamaa wa karibu, na vipimo vyote kwa mistari. Ikiwa tofauti ni urefu peke yake, huna spishi mpya. Una mteremko uliokatika.

Kielelezo cha kazi iliyofanywa kwa ukamilifu kinatoka Edinburgh. Katika bwawa la Blackford kulikuwa na diatomu iliyojulikana kwa jina moja, Sellaphora pupula, ila ilionekana kwa sura kadhaa zinazoishi pamoja. David Mann na wenzake walizipima sura hizo, wakazitazama kwa hadubini ya elektroni, wakazikuza maabara na kujaribu kuzijamiisha. Mwaka 2004 walichapisha ushahidi wa spishi mpya tano. Ushahidi wa vipimo, muundo na uzazi ulielekea upande mmoja, na hapo ndipo hoja inapopata nguvu.

DNA inaweza kuongeza shahidi mwingine. Seli moja hai hunyonywa kwa bomba jembamba, hukuzwa peke yake katika maji yenye virutubisho, kisha jeni husomwa, mara nyingi ile iitwayo rbcL. Sheria hailazimishi hatua hii. Asiye na uwezo nayo asizuiwe na mtu kuchapisha kazi nzuri ya umbo, mradi fungu la ethanoli limehifadhiwa kwa atakayekuja na mashine.

Sheria yenyewe ni Kanuni za Kimataifa za Majina ya mwani, kuvu na mimea, zinazorekebishwa kwenye kongamano la wanabotania kila baada ya miaka sita hivi. Kwa diatomu hai ya leo mambo ya lazima si mengi, ila likikosekana moja jina linakuwa batili. Maelezo au kitambulisho cha tofauti kiwe kwa Kilatini au Kiingereza. Kati ya 1958 na 2011 kilikuwa Kilatini peke yake. Kiswahili hakijaingizwa, lakini hakuna kinachokataza muhtasari wa Kiswahili ndani ya makala hiyohiyo, na wavuvi na maofisa wa bonde ambamo spishi inaishi wanastahili kuusoma. Lazima pawe na picha au mchoro. Lazima itajwe holotaipu, yaani kielelezo kimoja ambacho jina litafungwa kwacho daima, pamoja na jina la hifadhi kinakotunzwa. Iwe wazi kwamba ni spishi mpya, kwa kawaida kwa tamko la sp. nov. Makala itoke kwenye chapisho la karatasi, au PDF yenye namba ya ISSN au ISBN. Ni vizuri pia kuandikisha jina PhycoBank, daftari la majina ya mwani linaloendeshwa kutoka Berlin.

Holotaipu ya diatomu kwa kawaida ni slaidi, na ni busara kuchagua gamba moja na kulizungushia duara la almasi kwenye kioo. Slaidi nyingine zilizotoka kwenye mchoto uleule huitwa isotaipu. Hapa ndipo zile slaidi nyingi zinapopata kazi. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiunguza hebaria ya Berlin, yaani hifadhi yake ya vielelezo vya mimea, na sehemu kubwa ya vielelezo vyake, vikiwemo vya Afrika Mashariki, vikapotea. Kilichokuwa na nakala mahali pengine kilisalimika. Peleka slaidi moja Meise nchini Ubelgiji au makumbusho ya London, nyingine Potchefstroom, Afrika Kusini, palipo na mkusanyo wa diatomu. Lakini moja ibaki nyumbani bila mjadala: Hebaria ya Afrika Mashariki Nairobi, au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkusanyo wa Hustedt uko Bremerhaven. Mwanafunzi wa Goma anayetaka kuona kwa macho yake diatomu iliyotolewa ziwani kwao lazima aombe viza. Hilo lilitokana na enzi yake. Halina sababu ya kurudiwa na sisi.

Jina la pili lifuate sarufi ya Kilatini. Surirella na Navicula ni za kike, kwa hiyo kutoka mahali huandikwa -ensis; Gomphonema ni ya jinsia ya kati na hudai -ense. Kumuenzi mwanamume kama Barker hutoa barkeri, mwanamke wa jina hilo angetoa barkerae. Mtunzi hajiiti mwenyewe. Neno la mahali linaweza pia kuwekwa kama lilivyo: moja ya zile tano za Blackford inaitwa Sellaphora auldreekie, kutokana na jina la utani la mji wa Edinburgh. Kwa mlango huohuo neno la Kiswahili, la Kichaga au la Kiha linaweza kuingia katika orodha ya dunia na kukaa humo.

Kuhusu jarida, Diatom Research, Phytotaxa na PhytoKeys hupokea kazi za aina hii, na European Journal of Taxonomy haimtozi mwandishi wala msomaji. Jihadhari na majarida yanayotuma barua pepe za kusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo: jina likishachapishwa kihalali, hata kwa ovyo, linabaki katika vitabu na kuwasumbua wengine. Kabla ya kutuma, mwonyeshe picha mtaalamu wa jenasi hiyo. Wengi hujibu, na jibu la kwamba Hustedt aliiona zamani ni afadhali lije kwa barua kuliko baada ya kuchapa.

Eleza pia spishi inaishi vipi: kwenye jiwe au tope, chumvi kiasi gani, na jirani zake ni nani. Sehemu hii ndiyo itakayotumiwa zaidi na watu wa maji. Katika Ziwa Viktoria jamii ya Aulacoseira iliyotawala hadi miaka ya 1960 ilipungua kadiri virutubisho vilivyoongezeka na silika kushuka, ikapishwa na Nitzschia nyembamba na bakteria wa kijanibuluu. Badiliko hilo lilionekana kwa sababu spishi za awali zilikuwa na majina na rekodi. Spishi isiyo na jina ingetoweka bila kuandikwa popote.

Makala ikitoka, tuma nakala AlgaeBase na kwenye hebaria zote zilizopokea slaidi, na uhifadhi sampuli iliyobaki ikiwa imeandikwa namba ileile iliyomo kwenye makala. Kisha rudi mahali pale katika msimu tofauti. Seli kubwa zinazozaliwa baada ya kujamiiana huonekana kwa muda mfupi, na spishi nyingi zimeelezwa bila hizo. Ukizipata, maelezo yanaweza kupanuliwa kwa makala fupi, na atakayetaja spishi kwa maana hiyo pana anaweza kuongeza baada ya jina lako neno emend., yaani imerekebishwa, likifuatwa na jina la aliyeirekebisha.